Mgeni Anayelipa na Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tuliikariri shule ya msingi, tukaichomeka kwenye insha, tukapata alama, tukasonga mbele. Lakini hebu itazame tena. Siku mbili za kwanza mgeni anakula tu, anatembezwa, anacheka na watoto. Siku ya tatu, kama bado yupo, tayari ni mmoja wa wanaokula kutoka kwa shamba hili, basi alilime. Sasa, waliotunga methali hawakumwaza mgeni mmoja ambaye leo yuko kila mahali: yule anayekuja na pesa zake, analala kwenye chumba alicholipia na anakula alichonunua. Huyo naye apewe jembe? Ama risiti ndiyo jembe lake?

Tungeweza kuliuliza swali hili Diani au Watamu, lakini huko kila mmoja wetu ana binamu wa kumtetea. Tulipeleke mbali kidogo, mahali ambapo hatuna upande: kisiwa cha Anglesey, kaskazini-magharibi mwa Wales. Wenyeji, kwa Kiwelisi chao, wanakiita Ynys Môn.

Ukienda huko likizo, ratiba karibu inajipanga yenyewe. Unavuka Mlangobahari wa Menai juu ya daraja la kuning'inia la Thomas Telford, lililofunguliwa mwaka wa 1826. Unapiga selfie kwenye stesheni ya reli yenye jina la herufi 58: Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch. Unateremka ngazi kama 400 kufikia mnara wa taa wa South Stack, unaowaongoza mabaharia tangu 1809, huku ndege wa baharini wakipigiana kelele kwenye miamba. Unazunguka ngome ya Beaumaris. Jioni unatembea ufuoni hadi Llanddwyn, kipande cha ardhi ambacho maji yakijaa sana hugeuka kisiwa, mahali pa Dwynwen, mtakatifu wa wapendanao wa Wales, ambaye sikukuu yake ni Januari 25. Siku safi. Hakuna aliyeumia. Kwani shida iko wapi?

Kwenye stesheni, ukiniuliza mimi, hakuna shida. Jina lile refu si la kale. Lilirefushwa katika miaka ya 1860 makusudi kabisa, ili kuwavuta wageni. Anayesimama chini ya kibao akicheka anacheka mzaha uliotungwa kwa ajili ya mfuko wake. Mwenyeji amemwekea chambo, naye amekubali kunaswa. Hapo wako sawa kwa sawa, na hakuna anayemdai mwenzake.

Ngome ndiyo inayonikwama kooni.

Mwaka wa 1294 Madog ap Llywelyn aliongoza uasi wa Wawelisi dhidi ya utawala wa Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Uasi ulipozimwa, mwaka uliofuata mfalme aliamuru Beaumaris ijengwe. Watu zaidi ya 2,000 walipigishwa kazi kiangazi hicho: waashi, wachimbaji, wabeba mawe. Karibu na hapo palikuwa na Llanfaes, mji wa Wawelisi wenye bandari na biashara yake. Mji huo ulikuwa njiani mwa mpango. Watu wake wakahamishwa hadi upande wa pili wa kisiwa, mahali palipoitwa Newborough, yaani mji mpya, kana kwamba waliomba kuhama. Ndani ya Beaumaris waliletwa walowezi Waingereza, na chini ya sheria za miji ya mfalme ya aina hiyo, Mwelisi hakuruhusiwa kununua nyumba mle. Baadaye pesa zilielekezwa kwenye vita vya Scotland, na ngome haikukamilika hadi leo. Mwaka wa 1986 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa rudi kwenye ile ratiba. Asubuhi Beaumaris, jioni Llanddwyn. Njia ya kwenda Llanddwyn inapita Newborough. Maana yake ni kwamba mgeni mwenye aiskrimu mkononi amesafiri siku hiyo hiyo kutoka mahali watu walipong'olewa hadi mahali walipotupwa, na kwake ilikuwa tu safari ya kwenda bichi.

Je, amekosea? Sidhani, na nina sababu. Ngome ile leo inatunzwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales. Kuta zilizojengwa ili kuwatisha Wawelisi sasa zinamtoza tiketi kila anayetaka kuzitazama, na pesa zinaingia mikononi mwa taasisi ya Wawelisi. Hiyo si haki kamili, lakini ni haki ya aina fulani, na ina ucheshi wake. Sisi tunaufahamu ucheshi huo. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 ili kuishika Mombasa; Waingereza wakaigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958; leo watoto wa shule wanaparamia mizinga yake na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanauza tiketi. Hatuwakatazi watoto kucheka mle. Kicheko cha mtoto wa Mombasa juu ya mzinga wa mtawala ni ushindi mdogo.

Kwa hiyo mgeni wa siku mbili hadaiwi huzuni. Mtu ametoka kazini hoi, ana wiki moja, ana watoto wanaotaka mchanga na chipsi. Kumwambia abebe dhambi za mfalme wa mwaka 1295 ni kumwonea. Anachodaiwa ni kidogo: ajue yuko wapi. Asome lile bango langoni badala ya kuliegemea. Ajaribu kusema diolch, asante yao, hata ulimi ukigoma. Asiegeshe gari mbele ya lango la mkulima. Hilo ni jembe dogo, la kupalilia tu.

Lakini kuna mgeni mwingine. Huyu alikuja, akapenda machweo, akanunua nyumba. Ufunguo anao. Kwa wiki chache za mwaka taa zinawaka. Miezi mingine yote madirisha ni meusi. Hajavunja sheria yoyote. Amelipa bei iliyotajwa, na pengine aliyemuuzia ni mwenyeji aliyetaka, kama mimi na wewe tungetaka, bei nzuri kwa nyumba ya marehemu mamake. Ila kijana wa pale, mhudumu wa mkahawa ambaye mgeni humwachia bakshishi, hawezi kushindana na bei hiyo. Zamani sheria ilimzuia Mwelisi kununua nyumba Beaumaris. Leo hakuna sheria ya namna hiyo, ila bei inaweza kumfungia mtu mlango bila kumtaja kabila.

Sheria imejaribu. Tangu Aprili 2023, mabaraza ya Wales yanaweza kumtoza mwenye nyumba ya pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya nyumba, na baraza la Anglesey ni miongoni mwa yanayotoza nyongeza. Ni hatua nzuri. Lakini angalia ilivyo: ni pesa tena. Methali ilisema jembe, haikusema faini. Kodi inaweza kusaidia kujenga nyumba. Haiwezi kuketi darasani, kuimba kwaya, wala kugombana na jirani kwa Kiwelisi. Kwenye sensa ya 2011, asilimia 57.2 ya watu wa kisiwa walisema wanazungumza Kiwelisi. Ya 2021 ikasema 55.8. Sababu ni nyingi, na siwezi kuibebesha nyumba za likizo zote. Ila lugha huishi midomoni mwa watu waliopo, na nyumba yenye dirisha jeusi haina mdomo.

Kuna atakayesema: bila wageni, kisiwa kingeishi vipi? Ni hoja nzito. Kiwanda cha aluminiamu cha pale kiliacha kuyeyusha madini mwaka wa 2009, na kituo cha nyuklia cha Wylfa kilizima mtambo wake wa mwisho mwaka wa 2015. Watu wanahitaji mishahara, na mgeni analeta. Lakini hoja hiyo inamtetea mgeni anayekuja, anayekula, anayelala na kuondoka akimwachia mwingine kitanda. Haimtetei anayekishikilia kitanda akiwa hayupo.

Nadhani hapo ndipo kipimo cha methali kilipo. Deni la mgeni halipimwi kwa pesa alizotumia bali kwa nafasi aliyoichukua. Aliyechukua kiti kwa saa moja anadaiwa heshima. Aliyechukua nyumba amechukua nafasi ya mtu ambaye angelima, angezaa, angezika pale. Anadaiwa kuwa mtu huyo, ama kuiachia nafasi. Tiketi inatosha kuingia ngomeni. Ufunguo unadai zaidi, kwa sababu mwenye ufunguo ameshafika siku ya tatu, hata kama amekaa usiku mmoja tu.