Maiti Haitubu

Fungueni Luka 10 kuanzia mstari wa 25. Hadithi mnaijua, lakini leo tazameni Msamaria alianzia wapi. Hakumuuliza yule majeruhi alifuata nini peke yake kwenye njia ya wanyang'anyi. Alifunga majeraha kwanza.

Sasa sikizeni jambo ambalo litawasumbua wengine. Kule Sydney, Australia, mtaa wa Kings Cross, watu walikuwa wakijidunga heroini vichochoroni na kufia humo. Mwaka wa 1999 kanisa moja la mtaa huo, Wayside Chapel, likafungua chumba wajidunge mbele ya watu wa kuwaangalia. Haikuwa halali, na chumba hakikudumu. Watawa Wakatoliki walitaka kuendesha kituo rasmi, Vatikani ikawakataza. Uniting Church ikaichukua kazi hiyo, na mwaka wa 2001 kituo kikafunguliwa. Kipo hadi leo.

Pale hakuna anayepewa unga. Mtu anakuja na wake, anapewa sindano safi, na muuguzi yuko karibu. Si mnajua heroini inavyoua? Inamlaza mtu, pumzi inapungua, mwisho inakatika. Akiwa peke yake chooni, basi. Akiwa na muuguzi anapewa oksijeni, ikibidi na dawa ya naloksoni, na anazinduka. Wamezinduliwa hivyo maelfu. Na wako waliotoka pale wakapelekwa kwenye matibabu.

Mtaniuliza, Mchungaji, huko si kumsaidia mtu kutenda dhambi? Swali ni la haki. Heroini ni utumwa, na mahubiri yangu juu yake hayabadiliki. Lakini aliyekutwa amekufa nyuma ya kibanda, mimi nitamwita madhabahuni vipi?

Hapa Kenya hatuna vyumba hivyo. Tuna methadoni, pale Mathari, Malindi na kwingineko, ambayo mgonjwa anakunywa mbele ya mhudumu. Na najua wako wazazi katika ibada hii ambao watoto wao hupanga foleni hiyo, nao wananyamaza, kwa sababu wamesikia wengine wetu wakisema kijana wa methadoni bado ni teja tu, asiguse kwaya. Nani aliwapa mamlaka hayo? Msamaria alilipa dinari mbili na akaahidi kurudi. Masharti hakuacha.

Kijana huyo akiingia Jumapili amechelewa kwa ajili ya foleni, mashemasi, mpeni kiti.