JE, NIA NJEMA YATOSHA?

Ndugu msomaji, mara nyingi wale wanaochunguza dini huniuliza: Je, ni halali kupiga picha ya kiumbe chenye roho? Jibu lake si refu. Picha ya kamera ni mwanga uliotoka kwenye kitu chenyewe ukahifadhiwa, kama uso unavyoonekana katika maji yaliyotulia. Ibn al-Haytham, mwanachuoni Mwislamu mzaliwa wa Basra aliyefariki yapata mwaka 1040, alieleza jinsi mwanga wa jua lililopatwa unavyopita katika tundu dogo na kuchora umbo lake upande wa pili. Kilichokemewa na dini ni kutengeneza mfano ili utukuzwe badala ya Muumba.

Lakini liko swali jingine, zito kuliko hilo, ambalo sijaulizwa hata mara moja: Je, kiumbe yule aliyepigwa picha amedhulumiwa? Nami nisingelifikiri swali hilo lau si kiota kimoja cha Olmotonyi.

Nafundisha katika chuo cha dini ng'ambo, na nijapo likizo hupenda kwenda Olmotonyi, juu ya Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Mlima Meru, penye chuo cha misitu kilichoanzishwa mwaka 1937. Mwishoni mwa Februari, kiangazi kikielekea ukingoni na masika hayajaanza, nilitoka asubuhi pamoja na vijana wachache, tukiwa na kamera. Tulipiga picha za mbayuwayu waliojipanga juu ya waya, ndege wenye uzito wa gramu 20 hivi, ambao huja kwetu kutoka Ulaya na Asia na wakati huo hujiandaa kurudi. Tulimpiga vunjajungu majanini na kereng'ende kando ya kijito. Kila tulichokiona tulisema, “Subhanallah.”

Kisha tukaona kiota cha chozi. Msomaji bila shaka umemwona ndege huyu mdogo mwenye mdomo uliopinda, anyonyaye maua. Jike lake hufuma kiota kwa nyasi na utando wa buibui, kikaning'inia kwenye tawi kama mfuko, na mlango wake uko ubavuni. Mama alikuwa akiingia na kutoka akiwalisha makinda. Tawi moja lenye majani lilikuwa limekinga mlango, hata picha haikupatikana vizuri. Nikatoa kisu, nikalikata. Picha niliyoipata ilikuwa bora kuliko zote nilizopata kupiga maishani mwangu.

Siku ya tatu tulirudi. Kiota kilikuwa kimeraruliwa, makinda hayamo, na mama haonekani. Sijui kama ni kunguru au nyoka aliyefanya hivyo. Lakini namjua aliyeondoa pazia.

Kijana mmoja, kwa kunihurumia, alisema, “Mwalimu, hukukusudia. Matendo huhesabiwa kwa nia.” Kwa kitambo nilifarijika. Baadaye nikaona kwamba faraja ile ilikuwa imejengwa juu ya kosa. Ni kweli kwamba nia ndiyo inayolipa tendo jema thamani yake mbele ya Mungu, na asiyekusudia uovu hana dhambi kama ya mwenye kuukusudia. Hata hivyo nia haigeuzi dhara kuwa manufaa. Daktari asiyejua dawa, akimpa mgonjwa sumu kwa mapenzi, mgonjwa atakufa vile vile. Basi nia njema ya kweli huanza kwa kutafuta kujua. Mtu asemaye, “Nilikuwa na nia njema,” naye hakujishughulisha kuuliza tendo lake litaleta nini, alijipenda mwenyewe zaidi ya alivyompenda yule aliyedai kumpenda.

Kurani Tukufu, katika sura ya Naml, inasimulia jinsi Wanamli walivyoonywa waingie makwao, wasije wakakanyagwa na majeshi ya Sulemani a.s. bila ya wao kutambua. Wako wafasiri wasemao hao walikuwa chungu, na wako wasemao, nami nakubaliana nao, kwamba lilikuwa kabila la watu. Kwa vyovyote somo ni moja. Mwonyaji hakuwashtaki askari kwa ukatili. Hata hivyo aliwataka watu wake wakimbie, kwa kuwa mguu usioona huponda sawasawa na mguu wenye chuki. Naye Sulemani a.s. aliposikia hakukasirika. Alimwomba Mungu amwezeshe kushukuru na kutenda mema yampendezayo.

Na katika hadithi za Mtume Mtukufu s.a.w. imepokewa kwamba safarini masahaba walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, na mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume s.a.w. aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Tazama, ndugu: huzuni ya ndege ilihesabiwa kuwa ni jambo la kuulizwa.

Yumkini mtu atasema, “Watu wana njaa, nawe wahangaikia ndege! Je, huli kuku?” Namjibu: Ruhusa ya kuchinja imewekewa mipaka, nayo ni jina la Mungu, kisu kikali, na huruma kwa mnyama. Ikiwa jambo la haja limewekewa mipaka, itakuwaje jambo la kujifurahisha? Isitoshe, moyo hauna mafunzo mawili. Leo kila mwenye simu ana kamera. Mkono uliozoea kumfunua asiyeweza kulalamika hautachelewa kumpiga picha mgonjwa kitandani, au maskini mlangoni, bila idhini yake, kisha ukaieneza, na mwenyewe akasema, “Nilitaka watu wamhurumie.”

Kwa hiyo tukubaliane haya. Usikate wala kusogeza jani linaloficha kiota. Picha isiyowezekana bila hivyo, iache. Mama akisita kurudi kwa sababu yako, ondoka. Usimtie kipepeo katika jokofu ili atulie: nenda alfajiri, utamkuta baridi ya Meru imemtuliza bila ya mkono wako. Wala usitangaze mahali pa kiota.

Mji huu wa Arusha una kumbukumbu katika jambo hili. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, hapa ndipo lilipotolewa tamko la Mwalimu Julius Nyerere juu ya wanyama pori, ambalo ndani yake viumbe hao walihesabiwa kuwa ni amana. Mwislamu alijua neno amana tangu zamani. Mwenye amana huulizwa hali ya kitu alichokabidhiwa. Kukipenda tu hakumwondolei hesabu.

Ile picha ningali nayo. Wanaoiona huisifu, nami huwaeleza ilivyopatikana. Mwenyezi Mungu atujalie macho yaonayo na mikono ijizuiayo. Amin.