Unataka Muuguzi Mwanamke: Wewe Umemwekea Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, liko neno ambalo sisi wanaume hatuchoki kulisema: mama yangu, mke wangu, dada yangu ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Neno zuri, na lina msingi katika dini. Lakini huyo mwanamke atoke wapi? Ni binti wa mtu, aliyeruhusiwa kusoma na anayekesha zamu za usiku. Wanachuoni wametufundisha kwamba utabibu ni faradhi kifaya: wakikosekana wa kuutekeleza, dhambi ni ya jamii nzima.

Sisi wa Kivu Kaskazini tulionyeshwa jambo hili kwa machozi. Ebola ilitangazwa huku tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walipita 3,400, waliofariki wakapita 2,200. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Kirusi hakichagui. Lakini mtoto akipata homa, nani hulala naye kifuani? Bibi akitapika, nani hufua shuka? Ebola hupita katika majimaji ya mwili, na mwili wa aliyekufa nao huambukiza vikali. Kazi hizo tumewaachia wanawake, kisha tukashangaa kuona wanaugua wao.

Mwanamke akifariki, huoshwa na wanawake. Bibi Ummu Atiyya (r.a.) alitoka na Mtume katika vita saba, akipika na kuuguza majeruhi, na ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha binti wa Mtume. Hakuambiwa kazi hiyo si ya heshima. Lakini maiti wa Ebola haoshwi kama kawaida. Pale ambapo kuosha kunahatarisha walio hai, wanachuoni wameruhusu tayamamu, na hata hiyo ikishindikana maiti huzikwa bila ya josho. Binti anayezuiliwa kumwosha mama yake huumia sana. Tumweleze hukumu hii kwa upole, tusimwachie mtu wa ambulensi aliyevaa miwani na glavu.

Na mjamzito je? Akitokwa damu wakati wa Ebola, kila mtu hurudi nyuma, kwa kuwa dalili hiyo inaweza kuwa ya mimba kuharibika na inaweza kuwa ya ugonjwa. Chanjo yenyewe mwanzoni haikutolewa kwa wajawazito wala wanaonyonyesha. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2019. Nia ilikuwa tahadhari, sawa, ila walioachwa nje walikuwa wanaishi nyumba moja na wagonjwa.

Wapo wanaosema: aliyekufa kwa tauni ni shahidi, na aliyekufa kwa uzazi ni shahidi, basi tushukuru. Hadithi ni sahihi. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh na kusikia tauni iko Sham, aliwarudisha watu. Hakuwapeleka wakatafute ushahidi.

Dada mmoja wa jumuiya yetu, muuguzi, aliniambia kilichomwumiza zaidi miezi ile hakikuwa wodini. Alitoka zamu ya usiku, akafika bombani, na wanawake wakachukua madumu yao wakaondoka. Shemeji yake akaomba asiwashike watoto. Ijumaa ile ile, msikitini, tuliwaombea dua wauguzi wote. Mimi nilikuwepo na niliitikia amina kwa sauti.

Dada zetu wanaosomea uuguzi na ukunga hapa chuoni tunawajua. Maradhi yakirudi, nani atamsindikiza mmoja wao kutoka zamu ya saa sita usiku? Nani atamletea chakula mlangoni siku 21 za kufuatiliwa, na kumtunzia mtoto? Sanduku la sadaka la Ijumaa tunalo. Napendekeza viongozi watenge sehemu yake kwa jambo hili kabla hatujafunga muhula, na majina ya wa kusindikiza yaandikwe sasa. Langu liwe la kwanza.

Wallahu aalam.