Vazi la Mfadhili

Yaulizwa kama mbunifu wa mavazi, atungapo mkusanyo wa nguo kwa kuvutwa na maisha ya mwanamke mfadhili, amheshimu mfadhili huyo ama amtumia. Swali laonekana jepesi, kwani sifa haimdhuru asifiwaye. Wepesi huo hukoma mara mtu aulizapo vazi la mfadhili lilitoka wapi kwanza.

Mama Teresa ni mfano ulio wazi. Tarehe 17 Agosti 1948, alipoiacha nyumba ya watawa wa Loreto mjini Kolkata, alivaa sari nyeupe ya pamba yenye mistari ya buluu ukingoni. Haikuwa nguo ya utawa. Ilikuwa nguo ya bei ndogo, ya namna waliyovaa wanawake maskini wa Bengal, naye aliichagua kwa sababu hiyo hasa, asipate kutengwa na wale aliokwenda kuwauguza. Baadaye sari za shirika lake zilifumwa Titagarh, karibu na mji huo, na watu waliopatwa na ukoma, wakapata riziki kwa mikono ambayo wengine waliogopa kuigusa. Mwaka 2016, mwaka aliotangazwa mtakatifu, mistari ile ilisajiliwa India kuwa alama ya shirika, ili wafanya biashara wasijitajirishe nayo. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo pana ajabu: mtindo ulioazimwa kwa maskini umepata mwenyewe mbele ya sheria, na mwenyewe huyo si wao.

Reli ya Kati ipitayo Gulwe, wilayani Mpwapwa, ndiyo ifikayo Tabora, ambako watawa wa sari hiyo walianza kazi mwaka 1968. Basi na atazamwe mwanamke wa Gulwe, ambaye hakuna aliyemwandikia kitabu. Khanga yake humbeba mtoto, huwa ngata chini ya ndoo, humfunika mgonjwa, huazimwa na jirani aliyefiwa. Nchi yake ni ya ukame, na bado maji huing'oa reli, kama yalivyofanya kati ya Kilosa na Gulwe katika msimu wa mvua wa 2009 na 2010. Katika msiba wa namna hiyo nguo ya kwanza kutolewa ni ile iliyo mwilini. Mbunifu akiyaona hayo, mfadhili mashuhuri atapewa jina la mkusanyo. Mwanamke wa Gulwe atakuwa mandhari ya picha.

Mtu aweza kupinga kwamba mavazi yote ni ya kuazimana. Kweli, khanga yenyewe, kwa masimulizi ya pwani, ilianza kwa leso za Wareno zilizoungwa pamoja, na hakuna aliyedai malipo. Lakini kosa halimo katika kuazima. Limo katika kulitaja deni kwa jina la mtu mwingine. Mama Teresa aliivaa sari pamoja na taabu ya wenye sari. Mbunifu huichukua sari na kuiacha taabu, kisha huwauzia watu wasioweza kamwe kudhaniwa maskini. Hilo halitengenezwi kwa kuandika jina la mtakatifu kwenye kola. Titagarh palikuwa na heshima iliyo bora zaidi, maana pale aliyefuma alikula.

Ama mwanamke wa Gulwe, akionyeshwa vazi hilo, huenda asiulize limetungwa kwa heshima ya nani. Ataushika upindo, aupime kwa vidole kama ni pamba tupu, kisha aulize doti ni shilingi ngapi.