Kumjua Mtu Kabla ya Kukutana Naye: Heshima au Mtego?

Siku hizi mfanyabiashara anayekwenda kukutana na mwenzake kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kumtafuta kwenye intaneti. Anajua alisoma wapi, anashabikia timu gani, pengine hata ana watoto wangapi. Washauri wa biashara huisifu desturi hii kwamba hujenga uhusiano imara. Je, kumchunguza mtu namna hii ni kumheshimu au ni kumtega?

Desturi yenyewe si ngeni. Kabla ya posa, wazee wetu huwatuma watu wakaulize habari za ukoo wa mchumba. Huko Marekani, Dale Carnegie, katika kitabu chake cha mwaka 1936 kuhusu kupata marafiki, anaeleza kuwa Rais Theodore Roosevelt alipotarajia mgeni alikesha akisoma juu ya mambo yanayompendeza mgeni huyo. Maandalizi ya aina hii ni ukarimu. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kununua vitenge. Akiuliza mapema na kuambiwa kwamba mwenye duka ni mzee, atafika na "shikamoo" yake tayari, wala hatarukia bei kabla ya kujuliana hali. Akijua kuwa mzee amefunga Ramadhani, hatamwalika chakula cha mchana.

Lakini tuseme mfanyabiashara huyohuyo amesikia pia kwamba mzee anadaiwa na benki na lazima alipe kabla ya mwisho wa mwezi. Anaingia dukani kwa tabasamu, anajifanya shabiki wa Simba kwa sababu mzee ni wa Simba, kisha anataja bei ya kutupa akijua hatakataliwa. Kuhusu vitenge hajasema uongo wowote. Hata hivyo, tunahisi kuna ubaya umetendeka. Ubaya huo uko wapi?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alifundisha kwamba tusimtumie binadamu kama chombo tu, bali tumtambue pia kuwa ana thamani yake mwenyewe. Neno "tu" hapo lina uzito. Katika biashara kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa faida yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hiyo kutafuta faida si kosa. Kosa ni kumgeuza mtu kuwa kufuli, na habari zake kuwa ufunguo.

Napendekeza kipimo kimoja: je, ninaweza kumwambia mwenzangu ana kwa ana ninachokijua na sababu ya kukitafuta? "Mzee, niliwauliza wateja wako kama unafikisha mzigo kwa wakati." Hilo linasemeka, na mfanyabiashara mwaminifu hataudhika. "Nimesikia benki inakubana, ndiyo maana nakupa bei hii." Hilo halisemeki bila aibu. Lakini kama mzee angeomba apewe mali kwa mkopo, kumuuliza juu ya deni lake kungekuwa haki. Habari ni ileile, kilichobadilika ni matumizi yake.

Wapo watakaosema kuwa mtu akishajiandika mwenyewe mtandaoni, habari zake ni za wote. Sikubaliani nao. Mlango wa sebule ukiwa wazi, mgeni hajapewa ruhusa ya kwenda chumbani. Nchi zetu zimeanza kulitambua jambo hili: Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Lakini sheria hizo haziwezi kusimamia kila mazungumzo ya dukani. Pale anayebaki kuwa hakimu ni dhamiri.

Tena kuna suala la usawa. Mwenye simu nzuri na bando anafika akijua mengi, na mzee hajui chochote juu yake. Uhusiano hauwezi kuwa imara ikiwa mmoja anaona na mwingine amefumbwa macho. Anayetaka kujua habari za mwenzake hana budi kutoa na zake: ametoka wapi, anataka nini, amemfahamuje.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kujiandaa ni wajibu, mradi tujiandae kwa yale tunayoweza kuyasema waziwazi. Yaliyobaki tumwachie mwenyewe atusimulie. Habari tulizoziokota hutuwezesha kumtambua mtu, lakini zile alizotueleza kwa hiari yake ndizo zinazoonyesha kwamba ametuamini, na bila kuaminiana hakuna biashara ya kudumu.