Mtoto Ni wa Nani?



Siku moja, mafundisho yalipokwisha, mtu mmoja alibaki ameketi karibu na ukuta, kofia yake mkononi, hata wenzake wote wakaenda zao. Kisha akaniambia: «Mwalimu, nina watoto wawili, wala sina hata mmoja.»

Habari yake ni hii. Alioa kwa desturi. Wakwe walitaka mbuzi kumi. Alitoa sita, akaahidi kuleta wanne baadaye. Akapata mvulana, kisha msichana. Halafu akaenda kuchimba dhahabu, akakaa huko miezi kumi na minane bila kutuma fedha wala salamu. Mkewe alipoona njaa, aliwachukua watoto akarudi kwa baba yake. Mtu yule aliporudi, alikwenda kuwadai. Baba mkwe akamjibu: «Maliza mbuzi, ndipo utaona watoto.» Tangu siku ile amewaona mara moja tu, kwa mbali, wakienda kisimani.

Rafiki zake wamempa mashauri mawili. Wengine wanasema: «Nenda usiku ukawachukue, damu ni yako.» Wengine wanasema: «Wasahau, uzae wengine, mwanaume halii mbele ya watu.» Akaniuliza: «Shauri gani ni la haki?»

Nilimjibu kwamba yote mawili ni mabaya. Lakini jibu lisilo na sababu halimfai mtu. Basi, tutafute sababu pamoja.

Tuulize kwanza: mtoto ni wa nani? Desturi za wazee wetu hazijibu kwa sauti moja. Kwa Washi wa Kivu, na kwa Waluba wa Katanga, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba. Kwa Wakongo walio upande wa bahari, na kwa Wabemba wa kusini-mashariki, huhesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Hata hivyo desturi hizo zote zinapatana katika jambo moja: mtoto asikose watu wa kumlea. Na mahari yenyewe ni desturi njema. Yashuhudia mbele ya wote kwamba msichana hakuibiwa, na kwamba jamaa mbili zimekuwa moja.

Lakini sikilizeni maneno ya watu wetu wawili. Mkwe asema: «Mbuzi hawajatimia, basi watoto ni wangu.» Baba asema: «Nilitoa mbuzi sita, basi watoto ni wangu.» Wanagombana, kumbe wanasema neno lile lile! Kila mmoja anafikiri kwamba mtoto hufuata mbuzi. Hapo ndipo kosa lilipo. Mbuzi hufuata kamba. Mtu hafuati mbuzi.

Mtoto si mali ya baba, wala ya mama, wala ya babu. Ni mtu, naye ni wa Mungu aliyemwumba. Wazazi wamepewa kumtunza. Fikirini mtu aliyekabidhiwa mbegu za kijiji. Anaweza kudai ufunguo wa ghala, anaweza kumzuia mwizi. Lakini hadai hivyo kwa sababu mbegu ni zake za kula. Adai kwa sababu ana kazi ya kuzilinda. Haki yake yatoka katika kazi yake. Vivyo hivyo haki ya baba yatoka katika wajibu wake. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Labda mmoja wenu atasema: «Mwalimu, baba huyu aliiacha kazi yake miezi kumi na minane. Basi haki yake imekufa.» Neno hilo ni zito, nalo lataka jibu. Mimi nasema: deni lisilolipwa halifi, laongezeka. Wajibu wake kwa watoto ungalipo, na kwa hiyo haki ya kuutimiza ingalipo pia. Tena watoto hawakukosa neno. Mbona wapate adhabu kwa kosa la baba yao? Lakini apite katika mlango wa deni, si katika mlango wa madai. Aanze kwa kukiri kosa lake kwa mkewe, aliyewalisha watoto peke yake. Yeye naye ni mzazi, si mlinzi aliyewekwa na baba yake. Na kama baba ni mtu wa kupiga na kuumiza, usalama wa mtoto hutangulia, na kila haki nyingine yangoja.

Sasa habari ya aibu. Akina baba wengi huona haya kutafuta msaada. Mama akilemewa, hulia kwa dada zake. Baba akilemewa, hunyamaza, au huenda kwenye pombe. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtazameni Yosefu Mtakatifu. Mtoto Yesu alipobaki Yeruzalemu, Yosefu hakuketi nyumbani akisema kwamba ni kazi ya mama. Pamoja na Maria alimtafuta kwa jamaa na kwa rafiki, akauliza huku na huku, akarudi njia yote, hata siku ya tatu. Kuuliza hakukumpunguzia ubaba wake.

Basi, baba aulize wapi? Aanze karibu, kisha aende mbali. Kwanza azungumze na mama wa watoto, pamoja na mzee mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili. Pili, baraza la jamaa liitwe; hata sheria ya nchi inalijua baraza hilo na kulipa kazi ya kupatanisha. Tatu, aende kwa wakubwa wa jumuiya yake ya kikristu, au kwa Tume ya Haki na Amani ya jimbo, inayosaidia watu kupatana. Yote hayo yakishindikana, aende kwa hakimu bila hofu. Kwenda kwa hakimu ili kulipiza kisasi ni dhambi. Kwenda ili mtoto apate haki yake si dhambi, ni wajibu.

Na sheria yasema nini? Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema kwamba kuwatunza na kuwafundisha watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na kwamba mtoto ana haki ya kujua jina la baba yake na la mama yake. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yaamuru kwamba kila mtoto Mkongomani awe na baba, na kwamba mtu asimkane mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Sheria hiyo yaijua mahari, lakini haimfanyi mtoto kuwa rehani ya mbuzi. Wazazi wakitengana, hakimu hutazama faida ya mtoto. Anayekaa mbali na mtoto habaki bila deni: lazima atoe msaada kadiri ya uwezo wake.

Tena kuna karatasi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, inayowalinda watoto, yataka mtoto aandikwe katika vitabu vya serikali kabla ya siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Mtu wetu hakumwandikisha hata mmoja! Siku hizo zikipita, lazima kupata hukumu ya tribunali. Sheria ile ile ndiyo iliyoanzisha Tribunali za Watoto. Humo kesi husikilizwa bila makutano ya watu, na mtoto mwenye akili ya kutosha anaweza kusema neno lake. Deni la mahari ni neno jingine, nalo hupelekwa kwenye Tribunali ya Amani. Asiye na fedha aombe hati inayoshuhudia umaskini wake; tena mawakili, ndio wanaoitwa avoka, wana ofisi za kutoa mashauri bure. Aulizaye njia hapotei.

Mnataka kujua mtu yule alifanya nini? Alikwenda kwa wakwe pamoja na mzee mmoja, na gunia la mahindi. Baba mkwe akapokea mahindi, akanyamaza juu ya watoto. Lakini mke akatoka nyumbani, akaeleza mbele ya wote njaa yote ya miezi ile. Mumewe alisikiliza hata mwisho wala hakujitetea. Kisha mvulana akamletea maji ya kunywa. Kesi haijaisha, mbuzi wanne wangali wakidaiwa, na baraza la jamaa litakaa tena. Ila sasa hasemi tena «watoto ni wangu». Asema: «Mimi ni wa watoto wale.»

Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, mtaahidi mengi mbele ya Mungu. Kumbukeni ahadi hii pia, mliyoifanya siku mtoto wenu alipozaliwa, hata kama hamkuitamka kwa kinywa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Kwa nini baba na mkwe, ingawa wanagombana, wanakosa kosa moja?
2. Baba aliyekosa wajibu wake aanzie wapi kuutengeneza?
3. Je, watoto wako wote wameandikwa? Kama sivyo, utakwenda lini?