Akiba haiozi? Juu ya apareyi ya mzee na kazi yake

Wazee wetu walisema: akiba haiozi. Tangu utoto tulifundishwa methali hii, na sisi walimu tunaifundisha kwa zamu yetu. Lakini je, ni kweli kwa kila kitu? Hakuna vitu ambavyo, ukivifungia sana ili visiharibike, kule kuvifungia ndiko kunaviharibu? Ulizo hili tulilipata katika nyumba ya mwenzetu mmoja wa kazi.

Marehemu baba yake alikuwa kati ya vijana wa Kongo waliokwenda kusoma Moscou, kwenye chuo kikuu kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Alirudi na diploma, koti nzito na apareyi ya foto aina ya Zenit. Ndoa, ubatizo, matanga: jamaa yote ilipita mbele ya ile apareyi. Alipokufa, mwenzetu, mtoto wa kwanza, akaifunga mu kabati ndani ya mfuko wake wa ngozi. Miaka ikapita. Ndipo mdogo wake wa kike akaomba kuitumikisha. Yaya akakataa: «Hii iko kitu ya baba. Ukiivunja, utatosha ingine wapi?» Mdogo akajibu: «Yaya, baba aliinunua juu ya kupiga foto, hapana juu ya kulala mu kabati.» Wakatuita tuwasaidie kuamua.

Mbele ya kuamua, tukijue kwanza kitu chenyewe. Zenit ile ni ya aina ambayo jicho lake la kioo, yaani lensi, linafungwa kwa visi: unalizungusha sawa kifuniko cha chupa mpaka likaze. Kipimo chake kinajulikana: upana wa milimetre 42, na kila mzunguko mmoja unaingia milimetre 1. Kipimo hicho kilitumika kwa Contax S iliyotoka Dresden, Ujerumani, mwaka 1949. Asahi ya Japani ilikifuata kwa Pentax zake tangu 1957, na kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscou, kilikitumia kwa Zenit. Hata lensi iliyokuwa kwenye apareyi ya mzee, Helios-44 ya milimetre 58, ilitengenezwa kwa kufuata mpango wa Biotar ya Zeiss, ya Jena.

Tuangalie vizuri jambo hili. Wajerumani na Warusi walikuwa wametoka kuuana katika vita. Baadaye dunia iligawanyika, Japani ikawa upande mmoja na Moscou upande mwingine. Lakini lensi ya mmoja iliingia kwenye apareyi ya mwenzake bila kuuliza kabila. Kipimo kilikuwa sawa agano: ukikiheshimu, kazi yako inakutana na kazi ya mtu usiyemjua. Mwaka 1975 Asahi yenyewe iliacha visi na kuchukua njia ya kufunga kwa haraka zaidi. Hivyo zile za visi zikawa vitu vya zamani, na leo watu wa Ulaya, Japani na Marekani wanazitafuta na kuzikusanya. Nao wamegawanyika sawa wale ndugu wawili: wengine wanazipanga nyuma ya vioo, wengine wanazitia filimu na kutoka nazo.

Yaya hakuwa mjinga. Filimu ni bei, na fundi wa kufungua apareyi hizo ni shida kumpata. Kitambaa cheusi cha ndani, kinachofungua na kufunga njia ya mwangaza, kinachakaa. Tena kitu cha marehemu si chombo tu. Mkono wake ulikishika. Mwenye kukipoteza anapoteza zaidi ya chuma na kioo.

Lakini kabati nalo lina deni lake. Kwa fasi zenye unyevu, lensi iliyofungwa gizani ndani ya ngozi inaota kuvu. Mwanzoni kuvu hiyo inaonekana sawa utando wa buibui, na fundi anaweza kuifuta. Ikikaa sana, inakula kioo chenyewe, na hapo hakuna dawa. Mafuta ya ndani nayo yanakauka, lensi inakataa kuzunguka. Kumbe anayeficha naye anaharibu, ila polepole na bila mtu kumwona.

Sisi watu wa Kongo tunalijua ulizo hili kwa njia nyingine. Vinyago vyetu vingi viko Tervuren, Ubelgiji, ndani ya vioo, vikavu na salama. Mwezi wa 6 mwaka 2022, Mfalme Philippe alikabidhi Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, ambacho kilikuwa na kazi yake katika jando la vijana. Tulifurahi. Lakini kutoka kioo cha kule na kuingia kioo cha huku, je, ndiko kurudi? Hatusemi vyote vitolewe kucheza; kuna vilivyobaki kimoja tu, na hivyo vilindwe. Tunasema tu kwamba kulinda mwili wa kitu na kulinda kazi yake si jambo moja, na mtu asitosheke na la kwanza akidhani amefanya yote mawili.

Siku ile tuliomba mfuko ufunguliwe. Yaya akafungua lensi, akaielekeza kwenye dirisha. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimeanza pembeni. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza: «Nani atajua kuisafisha?» Walipatana hivi: mdogo atatafuta fundi, ataitumikisha, na kila mwisho wa mwezi ataileta yaya aione. Apareyi yenyewe ikija kufa, lensi haitakufa nayo, kwani kuna pete za kuifunga hata kwenye apareyi nyingi za digitali za leo.

Tunaona kwamba huo ulikuwa uamuzi wa haki. Mwenye kupokea kitu cha wazee si mwenyewe kamili, ni mlinzi. Mlinzi mwema hafungi mlango na kutupa ufunguo, wala hauachi wazi kwa kila mpita njia. Basi methali tusiitupe, tuiongezee tu neno: akiba haiozi, kama mwenyewe anaitembelea.